Plagi Inapata Moto

Mara ya kwanza Mama kuniambia habari ya plagi, nilikuwa nimesimama ndani ya matatu, simu nimeibana kati ya sikio na bega. "Mwanangu, hino pasi plagi yake yapata moto," akasema. Nikamuuliza moto wa kiasi gani. "Moto. Nikichomoa yanichoma vidole." Konda alikuwa anadai nauli, mtu wa nyuma ananisukuma, nikamwambia sawa, nimesikia, aizime kwanza. Jioni hiyo nikamtumia shilingi 2,500 kwa M-Pesa pamoja na ujumbe mfupi: nunua pasi nyingine. Akajibu, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikalala nikijiona mwana mwema.

Baada ya miezi miwili akapiga tena. Pasi ilikuwa mpya, sanduku lake bado liko juu ya kabati, lakini plagi ilikuwa inapata moto vilevile. Safari hiyo niliwalaumu wauzaji. Nikasema vitu vya siku hizi ni feki, ukinunua pasi umenunua rangi tu. Nikatuma pesa tena, nikamwambia aende duka kubwa la mjini achukue yenye jina, asinunue kwa mtu wa mkokoteni.

Ya tatu nayo ikapata moto.

Mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne na sikuwa mbovu. Lakini sikuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: ikiwa pasi tatu, zilizonunuliwa kwa watu watatu, zinaugua ugonjwa mmoja ndani ya nyumba moja, kwa nini bado tunailaumu pasi? Sikuuliza kwa sababu kuuliza kunataka muda, na kutuma pesa ni kubonyeza simu mara sita au saba, basi.

Mama ni dobi. Kule Kisauni anakokaa wanamwita Mama Pasi, na kuna watoto wanaoamini hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kazi aliirithi kwa Baba, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu tangu kabla sijazaliwa. Baba alipofariki nilikuwa darasa la saba. Mama akakaa eda, na ilipoisha akaitoa pasi ya makaa chini ya kitanda, ile ya chuma, nzito, yenye jogoo kwenye kifungio. Akatia makaa, akapepea, akaendelea pale Baba alipoachia. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikunjo ya suruali za watu.

Pasi ya makaa ilikuwa na maudhi yake. Cheche ikiruka umetoboa shati la mtu. Majivu yakidondoka juu ya kanzu nyeupe unarudi kufua upya. Ukifunga dirisha kwa sababu ya mvua, moshi wa makaa unakupa kichwa mpaka kesho yake. Lakini moto wake ulikuwa na adabu moja: ulijua ulipo. Ulikuwa ndani ya chuma, unauona mwekundu kwenye matundu, na usipouchochea unakufa wenyewe.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza Nairobi, nilimnunulia pasi ya stima. Nilijivunia sana pasi ile. Nilikuwa nimemtoa mamangu kwenye majivu.

Mwaka wa hizo pasi tatu nilishuka Mombasa siku mbili kabla ya Idd. Kwa kawaida nafika mkesha, jioni, na siku ya pili ya Idd nimesharudi. Safari hii kazini walitupa ruhusa mapema. Nilifika alasiri, Ramadhani ikiwa mwisho mwisho, na nyumba ya Mama haikuwa na pa kukaa. Kumi la mwisho huwa hivyo kila mwaka. Kanzu juu ya kitanda, kanzu juu ya kiti, kanzu zimening'inizwa kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi kwenye mlango. Alikuwa na kanzu 40 na kitu, ukiacha madera na nguo za watoto, na zote ni za watu waliokwisha kulipa nusu.

Nilipoingia tu nikasikia harufu ya samaki. Haikuwa harufu ya samaki mbichi, wala ya samaki wa kukaanga. Ilikuwa kama samaki aliyesahauliwa mahali.

"Jirani ashaanza futari?" nikauliza.

"Huyo kila siku," Mama akasema, pasi inakwenda na kurudi. "Miezi sasa. Hata sijui samaki hao awanunua wapi. Naona haya kumwambia."

Basi nikatoka ukumbini kwenda msalani. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Bibi wa watu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, tasbihi mkononi, jiko lake baridi, sufuria zimefudikizwa. Hapakuwa na samaki. Hapakuwa na hata dagaa.

Nilirudi chumbani, nikasimama katikati, nikavuta pumzi kama paka. Harufu ilikuwa ikitoka ukutani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ni jambo linalojulikana na mafundi. Ile plastiki ngumu inayotengenezewa plagi na soketi, ikipata joto kupita kiasi, aghalabu hunuka kama samaki aliyeoza, na wengine husema kama mkojo. Mtu akisikia harufu ya samaki nyumbani kwake na hajapika samaki, atafute kwenye soketi kabla ya kutafuta jikoni. Lakini mwambie hayo mtu wa Mombasa! Katika mji ambao kila nyumba ya tatu kuna samaki motoni, moto wa stima unaweza kujificha ndani ya harufu hiyo mwaka mzima. Mamangu alikuwa akimsengenya jirani yake moyoni, kumbe ni nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikiungua polepole.

Nikaigusa plagi kwa mgongo wa mkono. Nilihesabu moja, mbili, nikatoa. Ilikuwa kama kikombe cha chai kilichomiminwa sasa hivi.

"Zima, Mama."

"Subiri nimalize hino."

"Zima sasa hivi."

Akazima, akachomoa, kisha akafanya kitu kilichonitia baridi katika ile jua kali. Alichukua kitambaa kilichokuwa kando, akakichovya kwenye bakuli la maji anayonyunyizia nguo, akakikamua, akaifunga plagi nacho kama unavyomkanda mtoto mwenye homa. "Kanzu tano, naipumzisha," akasema. "Ikipoa naendelea. Nishaizoea."

Plagi yenye maji, inarudi kwenye soketi yenye stima. Kanzu tano, halafu tena kanzu tano. Kwa miezi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Mama akanitazama. "N'likwambia," akasema. "N'likwambia mara tatu."

Acha nieleze kilichokuwa kikitokea pale ukutani, kwa sababu najua si nyumba ya Mama peke yake.

Plagi kuwa na uvuguvugu kidogo si ajabu, hasa kwa vitu vinavyokula stima nyingi: pasi, birika la maji ya chai, jiko, kikaango cha chipsi. Pasi ya wati 2,000 kwenye stima yetu ya volti 240 inavuta takriban ampea 8.3. Hizo plagi zetu za miguu mitatu ya mraba, tulizorithi kwa Waingereza, zimeundwa kubeba hadi ampea 13. Kwa hiyo pasi peke yake haiizidi plagi nguvu. Ikiwa plagi nzima na soketi nzima, utaigusa useme ni vuguvugu, basi. Ukishindwa kuishika, kuna mahali pamelegea.

Stima ikipita kwenye waya mzuri haisumbui. Inasumbua pale kitu kinapokutana na kitu kingine: waya na skrubu yake, fyuzi na vibanio vyake, mguu wa plagi na ile shaba iliyomo ndani ya soketi inayotakiwa kuubana. Pakilegea, au pakiingia kutu, stima hupita kwa taabu, na taabu yake ndiyo joto. Tuseme pale palipolegea pana ukinzani wa nusu omu tu. Zidisha 8.3 kwa 8.3, kisha kwa nusu: unapata kama wati 34. Utasema wati 34 ni nini, hata balbu haitoshi. Lakini fundi wa redio anayeyusha risasi kwa kifaa cha wati 30. Sasa weka kifaa hicho ndani ya ukuta, kwenye nafasi isiyozidi ncha ya kidole, na kukifunika ukifunike kwa plastiki.

Halafu joto lenyewe huongeza ubovu. Shaba ikipata moto mara nyingi inapoteza ule uspringi wake, inalegea zaidi. Uso wake unaingia weusi, ukinzani unapanda. Ukinzani ukipanda, joto linazidi. Sisi wa pwani tuna na hewa ya chumvi juu yake. Tazama shaba yoyote ya Mombasa iliyokaa wazi, utaona ule ukijani.

Na fyuzi? Kijana mmoja wa pale ukumbini aliniambia tuweke fyuzi kubwa, itapoa. Fyuzi haihusiki hapa hata kidogo. Kazi yake ni kukatika stima inapopita nyingi kuliko inavyotakiwa. Hapa stima ni ileile ampea 8, halali kabisa. Fyuzi inaiona inapita, inaisalimia, haina habari kwamba hatua moja mbele soketi inaungua. Ndiyo maana watu wengi hujidanganya: "Kama kungekuwa na hatari, fyuzi ingekatika."

Nilianza na plagi yenyewe, imechomolewa. Nikaifungua kwa bisibisi. Skrubu ya waya wa kahawia niliizungusha kwa kucha, imelegea hivyo. Nyuzi za shaba zilizokuwa zimebaki chini yake zilikuwa chache, nyingine zimekatika, kwa sababu Mama huchomoa kwa kuvuta waya. Nikajisemea, adui nimempata. Nikakimbia hadiwea ya karibu na steji. Muuzaji akaniwekea plagi mbili juu ya kaunta, zinafanana rangi na umbo. Moja nyepesi kama ganda la yai, miguu yake inacheza. Nyingine ina uzito, na ndani skrubu zake ni za shaba. Bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu. Niliwaza ni mara ngapi katika maisha yangu nimechukua ile nyepesi.

Nikaifunga vizuri: kahawia kwenye L, buluu kwenye N, ile ya kijani na manjano kwenye alama ya ardhi, skrubu zimekazwa, waya umebanwa na kile kibanio cha chini ili ukivutwa using'oke. Fyuzi ya 13. Nikachomeka, Mama akapiga kanzu mbili, nami nimekaa pale chini kama mlinzi wa benki. Dakika ya 10 nikaigusa.

Moto. Plagi mpya, moto.

Nikaichomoa, nikangoja ipoe kabisa, nikaipeleka kwenye soketi ya upande wa pili, karibu na kitanda, ambayo Mama hutumia kuchajia simu tu. Kanzu mbili tena. Dakika ya 10: vuguvugu. Dakika ya 15: vuguvugu ileile.

Basi. Pasi tatu na shilingi kama 8,000, na jawabu lilikuwa kuhamisha plagi hatua nne. Nilitoa tochi ya simu, nikaitazama vizuri ile soketi ya kwanza ambayo sikuwahi kuitazama maisha yangu. Kwenye tundu la chini la kulia, la waya wenye moto, plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya toast iliyoungua, na ukingo wake umevimba.

Soketi ya ukutani sikuigusa. Kuna mahali ujuzi wa kidato cha nne unaishia. Nikampigia fundi, mtu wa bara aliyekaa Mombasa miaka mingi, mwenye leseni ya EPRA ambayo huibeba ndani ya karatasi ya nailoni kama cheti cha ndoa. Akasema atakuja kesho asubuhi, na kwamba mpaka hapo soketi ile isitumike hata kwa redio.

"Na ile ya kitandani?" Mama akauliza.

Fundi akasema angetaka aone waya za nyumba kwanza. Kama moja imefungwa vile, huenda zote.

Mama hakusema kitu. Akainama, akaitoa pasi ya jogoo.

Usiku ule, baada ya futari na tarawehe, tulikaa nje kwenye baraza, makaa yanapepewa. Aliniachia kanzu tatu nijaribu. Ya kwanza nikaidondoshea majivu kwenye kola. Mama alicheka mpaka akakaa. Na mimi, badala ya kucheka naye, nikachagua saa hiyo kusema jambo nililokuwa nimelibeba tangu alasiri.

"Mama, iache hii kazi. Nitakuwa nakutumia kila mwezi. Hiki unachopata hapa, nitakupa, na zaidi."

Akaendelea kupepea. "Wajua nyumba hino ina watoto wangapi?" akauliza.

"Ndio maana nasema uache."

"Saba. Wale wa chumba cha mwisho walala kichwa kwenye ukuta huu huu. Wafikiri mimi siwazi? Kila usiku kabla ya kulala naugusa ukuta kwa mkono. Nikiona baridi, nalala."

Sikujua hilo. Miezi yote hiyo, mimi Nairobi nimelala fofofo, mamangu anaupapasa ukuta gizani.

"Basi acha," nikasema.

"Nikiacha, nikae nifanye nini? Ningojee simu yako ilie?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza bei. "Watu waja hapa kila siku. Huyu aja na kanzu, huyu aja na habari. Yule mzee wa msikitini hana mtu wa kuzungumza naye, aleta shati moja kila Alhamisi, laweza kuwa safi. Wewe wataka kunitumia pesa. Pesa haiji na shati."

Nikanyamaza.

"Na nikikwambia plagi yapata moto," akasema, akiinua jogoo, akitazama makaa kama yameshika, "sikukwambia nitumie pesa. N'na pesa ya pasi. N'likwambia nikitaka uje uitazame."

Kuna mambo mtu huambiwa na mamake ambayo hayana jibu. Nikachukua kanzu ya pili.

Fundi alikuja saa mbili asubuhi. Swichi kuu iko ukumbini na inahudumia wapangaji sita, kwa hiyo kuizima kulihitaji diplomasia. Mmoja ana friji yenye barafu za kuuza, mwingine anachaji simu ya biashara. Mama alipita mlango kwa mlango akiwaomba dakika 30, na hakuna aliyemkatalia. Fundi akazima, akaweka mkanda juu ya swichi ili mtu asije akaiwasha, kisha akajaribu kwa testa yake hata baada ya kuzima. "Swichi huwa inadanganya," akasema. "Testa pia, ndio maana nimeijaribu kwa soketi yenye stima kabla sijazima."

Akafungua soketi, akaivuta nje. Waya mwekundu ulikuja nayo, na ngozi yake ikamwagika sakafuni vipande vipande kama biskuti kavu. Skrubu iliyotakiwa kuubana haikuwa imekazwa. Fundi alisema kwa ile rangi ya shaba, huenda haikukazwa vizuri tangu siku ya kwanza. Mtu aliharakisha kazi, akafunika, akaenda zake, na miaka yote hiyo palikuwa panangoja kitu kikubwa cha kutosha kichomekwe. Kitu hicho kilikuwa zawadi yangu ya mshahara wa kwanza.

"Na hapa ndani mlikuwa mnaweka nini?" akauliza, akituonyesha vibanio vya shaba vilivyopanuka. Mama akaona haya. Redio ya zamani ya Baba ina plagi ya miguu miwili ya duara. Sote tunajua namna yake: unachukua kalamu, unaisukuma kwenye tundu la juu, milango ya chini inafunguka, unalazimisha miguu miwili iingie. Nusu ya Kenya inasikiliza habari hivyo. Lakini ile milango imewekwa kwa sababu, na ile shaba ndani yake haikuumbwa kwa miguu ya duara. Ukiilazimisha miaka 10, haibani tena.

Fundi alitupa habari mbaya ya mwisho. Waya uliokwenda kwenye soketi zote za chumba kile ulikuwa mwembamba, wa milimita 1.5, ule wa taa, badala ya 2.5 unaotumika kwa soketi. Mwenye nyumba tulipompigia alisema wapangaji wanaopiga pasi kama kiwanda ndio wanaoharibu stima yake. Sikumpenda, lakini siwezi kusema hakuwa na chembe ya ukweli. Tulivutana kwa simu robo saa. Mwisho akakubali nusu ya gharama ikatwe kwenye kodi.

Fundi alipitisha waya mpya, akaweka soketi mpya mbili. Alipomaliza akaomba aone zile pasi zote. Akazipanga chini, tatu, akakagua miguu ya plagi zao. Ya kwanza na ya pili ilikuwa imeingia weusi na mashimo madogo madogo. "Hizi plagi mkate mtupe," akasema. "Si mtupe pasi, plagi tu. Mguu ulioungua ukiuingiza kwenye soketi mzima, unaiambukiza. Unahama nao ugonjwa nyumba hadi nyumba." Pasi zenyewe, zote tatu, zilikuwa nzima. Hazikuwahi kuwa na kosa.

Mama aliligeukia hilo kwa furaha ya ajabu. "Waona?" akaniambia. "Na wewe ukasema ni feki."

Mkesha wa Idd tulifanya kazi mpaka saa nane usiku. Mwezi ulikuwa umeshaonekana, takbira zinatoka misikitini, watoto saba wa nyumba ile hawataki kulala, wanachungulia mlangoni kuona kanzu zao. Mama anapiga, mimi nakunja, na kila baada ya kanzu tano anasimama. Ile desturi ya kitambaa ilikuwa imemkaa mwilini. Anaunyoosha mkono kwenda kwenye bakuli la maji, anakumbuka, anaurudisha. Kisha ananiambia, "Hebu guza."

Naguza kwa mgongo wa mkono. "Vuguvugu tu."

"Guza na ukuta."

Naguza ukuta. "Baridi."

"Alhamdulillahi," anasema, anaendelea.

Sasa huwa naenda kila baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, si Idd kwa Idd. Sifanyi mambo makubwa. Naikaza skrubu ya kitasa, naitazama taa ya msalani, nakaa na yule mzee wa shati la Alhamisi ikiwa nimeangukia siku hiyo. Na nikipiga simu kutoka Nairobi, kabla ya kuuliza afya wala habari za jirani, ambaye Mama alimtaka radhi bila kumweleza kosa lenyewe, nauliza kwanza: "Plagi je?"

"Baridi," hunijibu.

Wiki iliyopita nikauliza kama kawaida. Akanyamaza kidogo. Nikasikia pasi ikiwekwa kwenye kiti chake.

"Plagi ni baridi," akasema. "Lakini njoo uitazame."

Nimekata tiketi ya Ijumaa.